Mgeni Aliyekuja Kupima

Katika miji ya Dallas, Fort Worth na Houston, shule nyingi za sanaa za mapigano hazina sura ya hekalu. Ziko kwenye safu za maduka ya kupanga kando ya barabara kuu, pengine kati ya dobi na mgahawa wa Kimeksiko, zikiwa na kioo kipana mbele, uwanja wa kuegesha magari nje na mikeka ndani. Apitaye njiani huwaona wanafunzi wakirushana. Kioo hicho kimewekwa ili kuwavutia wazazi wenye watoto, lakini mara mojamoja humvuta mtu wa aina nyingine. Huyu huingia jioni, darasa likiwa limekwisha kuanza. Huvua viatu au asivue, hutazama dakika chache, kisha humwendea mwalimu na kumwambia kwamba angependa kupambana na mtu.

Hakuja kujiandikisha. Hataki kufundishwa namna ya kuanguka wala haulizi ada ya mwezi. Anataka kujua kama yanayofundishwa humo yanafaa kitu, na anataka kulijua jambo hilo kwa mwili, jioni ileile. Wanafunzi wamesita, wanatazama. Mwalimu ana muda mfupi wa kuamua, na uamuzi wake ni wa kimaadili kabla haujawa wa ufundi: mwenye nyumba ana wajibu gani kwa mgeni aliyekuja kumpima?

Swali hili ni la kale kuliko maduka ya Texas. Wajapani wana jina la desturi yake, dojo yaburi, yaani kuvunja dojo: mpiganaji huenda kwenye ukumbi wa mwenzake na kudai pambano, na heshima ya shule nzima ndiyo dau. Texas nayo ililirithi mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kijana Mkorea, Jhoon Rhee, alipokuwa akisoma chuoni katika mji wa San Marcos, alianza kuwafundisha Wamarekani sanaa ya kwao. Mwanafunzi wake Allen Steen akafungua shule Dallas mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1966 akawashinda Chuck Norris na Joe Lewis katika mashindano ya Long Beach, California. Kizazi hicho cha karate ya Texas kilikuja kuitwa kizazi cha damu na matumbo. Watu walipigana bila vikinga vya mikono wala miguu, na ule mguso mwepesi uliotajwa katika kanuni mara nyingi ulivunja mbavu. Inafaa kukumbuka kwamba ni Rhee huyohuyo aliyebuni baadaye, katika miaka ya 1970, vikinga vya sponji vinavyovaliwa hadi leo. Mtu aliyeleta moto ndiye pia aliyeleta kata ya maji.

Mahali pengine maji hayakuwahi kufika. Tarehe 24 Aprili 1970, mjini Chicago, John Keehan, aliyejiita Count Dante, alikwenda na wenzake wachache kwenye shule ya mahasimu wao. Kilichoanza kama kutunishiana misuli kiliishia kwa silaha, na Jim Koncevic, rafiki wa Keehan, akafa kwa kuchomwa. Kesi ilipofika mahakamani mashtaka yalifutwa, kwa kuwa pande zote mbili zilionekana kuwa na lawama. Heshima ya shule haikuongezeka wala kupungua, na Koncevic alizikwa.

Kwa mwalimu anayekumbuka habari za namna hiyo, jibu jepesi ni kumkatalia kila mgeni. Atasema kwamba sanaa yake haikuumbwa kwa ajili ya mashindano, kwamba mbinu zake ni za hatari mno kujaribiwa, kwamba mwenye hekima hapigani. Maneno hayo huweza kuwa kweli. Tatizo lake ni kwamba mwongo naye huyasema vilevile, na mwanafunzi aliyeketi pembeni hana njia ya kuwatofautisha wawili hao. Shule isiyowahi kupimwa na mgeni huanza polepole kuamini hadithi zake yenyewe. Mwanafunzi humshika mwalimu mkono kwa ulegevu anaoutarajia mwalimu, mwalimu humwangusha kwa urahisi anaoutarajia mwanafunzi, na baada ya miaka kumi watu wawili waaminifu huwa wamejenga uongo bila yeyote kati yao kusema neno la uongo.

Ukoo wa Gracie wa Brazili ulijipatia jina kwa kuufichua uongo wa namna hiyo. Kwa miaka mingi ukoo huo ulitoa mwaliko wa wazi: yeyote anayedhani anaweza, na aje. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Royce Gracie, mtu mwembamba wa kilo zipatazo 80, aliwashinda wapinzani watatu kwa usiku mmoja katika mashindano ya kwanza ya UFC. Walimu wengi waliokuwa wamefundisha maisha yao yote walilazimika kujiuliza usiku ule walikuwa wakifundisha nini. Dallas nayo ilifikiwa na mkondo huo: katika miaka ya 1990 Carlos Machado, ndugu wa ukoo huo, alihamia huko kwa kuunganishwa na Chuck Norris, ambaye wakati huo alikuwa akiigiza katika mfululizo wa televisheni uliopigwa picha jimboni humo. Tangu hapo kijana wa Texas anayeingia shule yoyote na kuomba kupimana ubavu si lazima awe mhuni. Pengine ni mtu aliyefundishwa mahali ambapo kupimana ni namna ya kusalimiana.

Kwa hiyo mgeni ana haki ya kuuliza, na haki hiyo haipaswi kudharauliwa. Wanafunzi hulipa fedha na kutoa jioni zao. Wengine wameambiwa kwamba wanachojifunza kitawaokoa siku wakivamiwa gizani. Akitokea mtu wa nje akaomba ithibati, anaomba kwa niaba yao jambo ambalo wao, kwa adabu, hawathubutu kuliomba. Mwalimu anayemwona kila mgeni wa namna hiyo kuwa adui amesahau kwamba madai yake mwenyewe ndiyo yaliyomleta.

Hata hivyo haki ya kuuliza haimpi mtu mamlaka ya kuamua ni mwili wa nani utakaolipia jibu. Mgeni anaposema anataka kupambana na mtu, huyo mtu ni nani? Mara nyingi mwalimu humwita mwanafunzi wake mwenye nguvu zaidi, kijana wa mkanda mweusi, na kumtuma kwenda kuitetea nyumba. Kijana hukubali. Lakini angekataaje, mwalimu akimtazama na wenzake wakimtazama? Ridhaa inayotolewa chini ya macho kama hayo ni ridhaa nusu. Kesho yake kijana huyo ana kazi: labda ni muuguzi wa zamu, labda ni dereva wa lori. Texas ndiyo jimbo lenye sehemu kubwa zaidi ya watu wasio na bima ya afya nchini Marekani. Kidole kikivunjika kwa ajili ya heshima ya mwalimu, mwalimu hataandika hundi ya hospitali. Waswahili walikwisha kuona kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na mwanafunzi anayetumwa kupigana badala ya mwalimu wake ni nyasi zilizovishwa pembe.

Sheria ya Texas ina neno la kuongeza hapa, na neno lenyewe lina busara kuliko watu wengi wanavyodhani. Kifungu cha 22.06 cha Sheria ya Adhabu ya jimbo hilo kinakubali kwamba ridhaa ya aliyepigwa inaweza kuwa utetezi wa aliyepiga, lakini kinaweka mpaka: kitendo kisiwe kimeleta au kutishia kuleta jeraha kubwa la mwili, isipokuwa kama aliyepigwa alijua kwamba hatari ile ni sehemu ya kazi yake, ya tiba inayotambulika au ya jaribio la kisayansi. Tena ridhaa haihesabiwi kuwa ridhaa ikiwa imetolewa na mtu ambaye mwenzake anajua kwamba hawezi kuamua kwa busara kwa sababu ya utoto, maradhi ya akili au ulevi. Maana yake ni kwamba mgeni hawezi kuingia mlangoni akasema, nivunjeni mkitaka, na kwa neno hilo akawapa wenyeji ruhusa ya kumvunja. Mwili wake haukomi kuwa chini ya ulinzi kwa sababu tu mwenyewe ameacha kuulinda.

Mpaka huo wa kisheria unagusa mpaka wa kimaadili. Mwalimu ambaye ana uwezo wa kumwumiza mgeni, na ambaye mgeni mwenyewe amemwomba apambane naye kwa nguvu zote, bado anawajibika kwa kila anachomfanyia. Wako walimu wanaosema kwamba mgeni mwenye kiburi anastahili kufundishwa adabu. Wakiulizwa adabu hiyo ilifundishwaje, husimulia habari ya mbavu au ya pua iliyovuja damu, na huisimulia kwa furaha. Furaha hiyo ndiyo ya kuchunguzwa. Adhabu inayompendeza mwadhibu ina walakini, na mtu anayemwumiza mjinga ili kuwafurahisha watazamaji hajafundisha chochote isipokuwa kwamba yeye ni mwepesi wa kuchokozeka.

Basi kati ya kukataa daima na kukubali daima kuna njia gani? Wajapani wenyewe waliipata zamani. Kanō Jigorō alipoanzisha Kōdōkan mjini Tokyo mwaka 1882, aliziondoa katika mazoezi huru zile mbinu za kuvunja na za kupiga, akabakiza zile ambazo watu wanaweza kuzitumia kwa nguvu zote na bado wakarudi nyumbani salama. Mazoezi hayo huitwa randori. Kwa mshangao wa wengi, watu waliozoea randori walikuwa hodari kuliko waliojifunza mbinu za kuua bila kuzijaribu, maana wa kwanza walikuwa wamekutana mara elfu na mtu asiyetaka kuanguka. Baadaye Kenji Tomiki, aliyekuwa mwanafunzi wa Kanō na wa Ueshiba Morihei pia, aliingiza randori katika aikido, ingawa Ueshiba hakupenda mashindano. Mkondo huo wa Tomiki ulifika Houston, ambako Karl Geis aliufundisha kwa miaka mingi pamoja na judo. Fundisho lake kwa jambo linalozungumzwa hapa ni dogo na la thamani: inawezekana kuutafuta ukweli bila kutafuta majeruhi. Yanayotakiwa ni kanuni zinazojulikana na wote wawili kabla ya kushikana, mtu wa tatu anayeweza kusema basi, na haki ya kila mmoja kugonga mkeka na kuachiliwa papo hapo.

Uswahilini nako kuna mahali ambapo mgeni na pambano vimekaa chini ya paa moja. Kila mwaka, mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi kusini mwa Unguja huadhimisha Mwaka Kogwa. Wanaume wa upande wa kusini na wa upande wa kaskazini wa kijiji hukabiliana uwanjani wakiwa na mapande ya migomba, wakachapana kwa nguvu na kwa makelele, ili kinyongo cha mwaka unaokwisha kitoke kisiingie katika mwaka mpya. Husemwa kwamba zamani silaha ilikuwa virungu. Mgomba una uzito wa kutosha kumfanya mtu ahisi kwamba amepigwa, na ulaini wa kutosha kumwacha hai ale karamu jioni. Tena katika sikukuu hiyohiyo nyumba isiyo na mgeni huhesabiwa kuwa na upungufu. Mwenyeji hutafuta mtu wa kumkaribisha ili mwaka wake uwe na baraka. Wamakunduchi hawaoni mkinzano wowote kati ya kuchapana asubuhi na kukaribishana jioni, kwa sababu uwanja una kanuni na nyumba ina kanuni, na kila mmoja anajua yuko wapi.

Tatizo la mgeni wa Texas ni kwamba amechanganya uwanja na nyumba. Ameingia nyumbani akidhani yuko uwanjani. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kumwonyesha kizingiti.

Chukua mfano wa kubuni, lakini wenye kufanana na maisha ya wengi. Kijana wa miaka ishirini na mitatu amekulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako Wakongo waliokimbia vita wamehifadhiwa tangu mwaka 1996. Kambini alifundishwa ngumi na mteke na jirani aliyejifunza kwa wengine na kwa filamu, juu ya udongo mwekundu, bila mkanda na bila cheti. Sasa anaishi Fort Worth pamoja na mama yake na wadogo zake, na usiku anapakia mizigo kwenye ghala. Kazini huitwa kwa namba. Kiingereza chake kinamfanya aonekane mtoto. Jioni moja anapita mbele ya kioo, anaona watu wakifanya jambo ambalo yeye analijua, pengine analijua kuliko wao. Anaingia. Hana maneno ya kueleza alikotoka wala aliyemfundisha. Anaonyesha kwa kidole yule mwenye mkanda mweusi, kisha anajigusa kifua.

Kwa macho ya darasa huyo ni mchokozi. Mgeni ni kuku mweupe, na huyu ni mweupe mara mbili: hajulikani, na hajui adabu za mahali pale. Mwalimu mwenye hofu atamtoa nje. Mwalimu mwenye kiburi atamletea mtu wa kumpiga. Wote wawili watakuwa wamejibu swali ambalo kijana hakuliuliza. Alichouliza, kama angekuwa na lugha ya kukisema, ni kama katika mji huu kuna mahali ambapo anachokijua kinahesabika.

Mwalimu anayestahili jina hilo hatalijua hili kwa ramli. Hawezi kusoma moyo wa mtu aliyesimama mlangoni, na wapo wanaoingia wakiwa na nia mbaya kwelikweli: mlevi, mwenye kisasi, mwenye simu iliyo tayari kurekodi fedheha ya wengine ili aisambaze. Kwa hiyo anahitaji utaratibu ulio mmoja kwa wote, unaowachuja wabaya bila kuwatukana wema. Waswahili wanao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hudhaniwa kuwa ya ubahili, kana kwamba mwenyeji amechoka kulisha. Lakini jembe ni heshima. Anayepewa jembe ameingizwa katika kazi ya nyumba; shamba analolima ndilo wanalolima wenyeji, na jasho lake linahesabiwa.

Kwenye mikeka jembe lina sura hii. Mgeni anakaribishwa, anaonyeshwa mahali pa kuweka viatu, anaketi kutazama darasa hadi mwisho. Anaambiwa siku ya mazoezi huru na saa yake. Anasomewa na kutia saini karatasi inayotaja hatari, kwa lugha anayoielewa. Kisha anafanya darasa zima kama wengine: anakimbia, anaanguka, anashika na kushikwa na mtoto wa shule na mzee mwenye magoti mabovu. Baada ya hapo, akiwa bado anataka, anapimana na mwalimu mwenyewe, au na mtu aliyejitolea kweli bila kutazamwa kwa jicho, kwa kanuni zilizotangazwa. Mwenye nia mbaya kwa kawaida hatarudi siku ya pili, kwa kuwa hakuja kulima. Mwenye njaa ya kujifunza atawahi kabla ya mlango kufunguliwa.

Linabaki jambo moja ambalo utaratibu hauwezi kulitatua: je, mgeni akishinda? Itatokea. Mwalimu wa miaka sitini hawezi kumdhibiti kila kijana wa miaka ishirini na mitatu, na hakuna mkanda unaozuia wakati. Hapa ndipo walimu wengi wanapokimbia, wakaita kukimbia kwao hekima. Wanaogopa kwamba wanafunzi wakiwaona chini mara moja, kila walichofundisha kitaanguka pamoja nao. Hofu hiyo ina msingi pale tu ambapo mamlaka ya mwalimu yamejengwa juu ya dhana kwamba haangushwi. Tiba yake haiwezi kupatikana jioni ile mgeni anapoingia. Inatafutwa miaka mingi kabla, mwalimu anaposhikana na wanafunzi wake bila kuwaamuru walegee, akawaacha wamwangushe wanapoweza, akainuka, akawauliza walifanyaje. Darasa lililozoea kumwona mwalimu akigonga mkeka halitazimia akigongeshwa na mgeni. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wasema wahenga. Na asiyekubali kushindwa mbele ya wanafunzi wake hakuwafundisha jinsi ya kushindwa, nalo ndilo somo watakalolihitaji mara nyingi zaidi maishani kuliko lile la kushinda.

Kijana wa Nyarugusu, katika mfano huu, anarudi Jumamosi. Ametia saini, amekimbia, ameanguka vibaya mara tatu na kuonyeshwa na msichana wa miaka kumi na miwili namna ya kuweka kidevu. Sasa anasimama mbele ya mwalimu, wote wawili wamevaa kinga ya meno. Teke lake la kwanza linafika kabla mwalimu hajaliona, nalo linasimama upana wa kiganja kutoka mbavuni, kwa kuwa ameambiwa lisimame hapo. Mwalimu anatikisa kichwa kukiri. Anamwomba arudie polepole, darasa lipate kuliona.